Mwongozo kamili wa kujenga utajiri wa kudumu: kipi kianze na kipi kifuate, toka mshahara wa kwanza mpaka mirathi

Wengi wetu hapa Bongo hatukosi hela kabisa, tunakosa mpangilio. Kijana anapata ajira, mwaka wa kwanza tu kashakopa benki milioni kumi ya miaka sita, kanunua kiwanja Chanika, kapandisha kuta mpaka kwenye linta, hela ikaisha. Akiba hana hata laki, bima hana, mtoto akiugua usiku anampigia mtu wa kausha damu, wale wanaokopesha mtaani kwa rejesho la kila siku. Miaka kumi baadaye pagale lipo pale pale, nondo zimeshika kutu, nyasi zimeota sebuleni, na yeye bado analipa kodi Tabata. Ukichukua kila alichofanya peke yake ni kitu kizuri, kiwanja ni kizuri, nyumba ni nzuri, hata mkopo siyo dhambi, ila cha tano kimefanyika kabla ya cha kwanza.

Kwahiyo huu mwongozo nauandika kwa mpangilio wa nini kianze. Mifano yote ni ya Tanzania kwasababu kodi, mifuko na sheria ninazozitaja ni za hapa, wa Kenya au Uganda atabadilisha majina ya taasisi ila mtiririko utamfaa.

Hatua ya kwanza: ijue hela inayofika mkononi kweli

Tuseme mkataba unasema laki tisa. NSSF wanakata asilimia 10 yako, yaani 90,000, inabaki 810,000 ndo inayopigiwa kodi. PAYE kwenye hiyo inakuja 80,500 (laki mbili na sabini ya kwanza haikatwi kitu, alafu viwango vinapanda kidogo kidogo mpaka asilimia 30 kwa kinachozidi milioni). Unabaki na 729,500, na kama ulisoma kwa bodi ya mikopo inapungua tena. Sasa mtu anapanga maisha ya laki tisa wakati anaishi na laki saba na kitu, kila mwezi tarehe 18 anashangaa hela imeenda wapi.

Chukua daftari au simu, mwezi mzima andika kila kinachotoka, na nikisema kila namaanisha mpaka vocha, mpaka bodaboda ya buku, mpaka mikeka kama unabeti. Usijibane mwezi huo, ishi kama kawaida, lengo ni kuona tu. Karibu kila mtu akifanya hivi anakuta vitu vitatu vinavyokula kuliko alivyodhani: vifurushi na makato ya kutuma na kutoa hela, chakula cha nje, na michango. Michango ndo mtihani wetu mkubwa, mara send-off, mara kitchen party, mara harusi yenyewe, kadi inakuja na kiwango kimeandikwa kabisa. Siwezi kukwambia uache kuchangia maana na wewe una yako yanakuja na msiba haupigi hodi, ila tenga kiasi cha michango kwa mwaka mzima, tuseme laki tatu, kikiisha Agosti basi walioleta kadi Septemba wape pole na zawadi ndogo.

Na ndugu vile vile. Mtoto wa kwanza kupata kazi kwenye ukoo anajua ninachosema, mama, wadogo zako, mjomba, wote wanaangalia kwako. Msaada wa kila mtu akipiga simu unakuchosha wewe na unawafanya na wao waishi kwa kubahatisha. Ukaamua kwamba mama anapata 60,000 kila tarehe mbili bila kuomba, na ada ya mdogo wako mmoja ni jukumu lako mpaka amalize, ya wengine hapana kwa sasa, unakuwa umefanya kitu kinachopangika, na mama anaheshimika zaidi kupokea bila kuomba. Kaa nao, waambie wazi. Wazazi wetu wanaelewa kuliko tunavyodhani, wasichoelewa ni kuzungushwa.

Hatua ya pili: toa sumu ya madeni

Siyo madeni yote ni sumu. Ya kuua ni yale ya kila siku. Angalia hii: unachukua 300,000, unarudisha 13,000 kila siku kwa siku thelathini, jumla 390,000. Wanakwambia riba ni asilimia 30 tu, na asilimia 30 kwa mwezi yenyewe ni balaa, lakini kumbuka hukukaa na laki tatu mwezi mzima, ulianza kuirudisha kesho yake, kwa wastani ulikuwa na kama nusu yake tu mkononi. Riba ya kweli ni karibu mara mbili ya unayoambiwa. Hamna biashara ya genge wala duka la mtaani inayozalisha hivo kila mwezi, ndomana wanabeba mpaka magodoro ya watu.

Za kwenye simu nazo angalia. Novemba 2024 Benki Kuu (BoT) ilitangaza orodha ya aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Kabla ya kukopa popote uliza leseni ya BoT, na aplikesheni ikiomba ruhusa ya kusoma majina ya watu kwenye simu yako achana nayo, ndo hao wanaotuma meseji kwa mkweo kwamba unadaiwa.

Kama unadaiwa sehemu nyingi, panga madeni kwa ukubwa wa riba, lipa kiwango cha chini kote, alafu nguvu yote iende kwenye lenye riba kali mpaka life, ndo uhamie linalofuata. Ukiweza kupata mkopo wa SACCOS au wa kikoba wenye riba ndogo ukafunga nao kausha damu, fanya hivo leo, ila ukishafunga usirudi. Mkopo wa mshahara wa benki ni kitu kingine, riba zake kwa kawaida ni asilimia kumi na kitu kwa mwaka, siyo kwa mwezi, lakini hata huo piga hesabu kwanza: milioni kumi kwa asilimia 15 miaka sita, rejesho ni kama 211,500 kwa mwezi na mwisho wa siku umelipa milioni 15.2. Hizo milioni tano za juu ni bei ya haraka yako. Kama unakopa kununua mashine itakayoingiza hela kuanzia mwezi ujao inaweza kulipa. Kama unakopa kujenga kuta za mpaka linta, hapana.

Hatua ya tatu: akiba ya dharura na bima, kabla ya uwekezaji wowote

Lengo ni matumizi ya miezi mitatu, baadae sita kama kazi yako ni ya mkataba au umejiajiri. Mtu wa matumizi ya laki tano kwa mwezi anatafuta milioni moja na nusu kwanza. Usiiweke kwenye laini ya simu, hapo iko jirani na vocha na mikeka, itayeyuka. Mimi naona sehemu nzuri kwa mtu wa kawaida ni mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya serikali inayowekeza hela za watu kwa pamoja, unaanza na 100,000 alafu unaongeza hata 10,000, hela inazaa wakati imekaa, na ukiihitaji unaomba unaipata ndani ya siku chache za kazi. Hizo siku chache ndo uzuri wake, dharura ya kweli inasubiri siku tatu (ya usiku huo huo weka laki moja benki), ila tamaa ya simu mpya mara nyingi inakuwa imepita.

Kuhusu benki, jua kwamba Bodi ya Bima ya Amana inakulinda mpaka shilingi milioni 7.5 kwa kila benki ikifa. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mpigo, siyo stori za kale hizo. Ukiwa na nyingi zaidi zigawe.

Bima ya afya usiiruke hata ukiwa kijana mwenye afya. Kulazwa mara moja na operesheni moja kunaweza kula akiba ya miaka mitatu, na hapo ndo mashamba yanauzwa kwa bei ya kutupa, muuzaji ana mgonjwa, mnunuzi anajua.

Hatua ya nne: kipato

Hapa nitasema machache. Kubana matumizi kuna mwisho, laki saba huwezi kuibana ikawa milioni mbili. Miaka ya ishirini mpaka thelathini na tano uwekezaji wenye faida kuliko wote ni ufundi wako, cheti cha VETA, leseni ya daraja la juu, CPA, lugha, chochote ambacho soko linalipia. Fanya hesabu kama unayoifanya kwenye kiwanja: nalipa kiasi gani, kipato kitapanda kiasi gani, lini.

Kwa mwenye biashara jambo ni moja na ni gumu: hela ya biashara siyo hela yako. Nenda duka lolote la vipodozi au mangi yeyote, angalia droo. Asubuhi inatoka ya mboga, mchana ya bodaboda, jioni mtoto anakuja kuchukua ya daftari, hakuna kilichoandikwa, na mwisho wa mwezi mwenye duka anasema biashara ngumu wakati mauzo yalikuwa mazuri tu. Jilipe mshahara. Amua kwamba duka linanilipa 12,000 kwa siku, ichukue jioni ukifunga, iandike, na ukihitaji zaidi iandike kama mkopo unaodaiwa na duka. Ndani ya miezi michache utajua kama duka linazaa au linakulisha mtaji. Alafu kama mko kikundi, halmashauri zinatoa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ina mizunguko, lazima muwe mmesajiliwa, lakini hela isiyo na riba hupati kwingine.

Hatua ya tano: hela ianze kufanya kazi

Sasa tuko kwenye moyo wa jambo. Madeni sumu yamekwisha, akiba ipo, bima ipo. Kuanzia hapa kila mshahara ukiingia, siku hiyo hiyo, kabla ya kitu chochote, sehemu inahama kwenda kwenye uwekezaji. Ukisubiri kinachobaki hakitabaki.

Angalia muda unafanya nini. Laki moja kila mwezi kwenye kitu kinachozaa asilimia 10 kwa mwaka, na faida huigusi: baada ya miaka 10 una kama milioni 20 na nusu, wewe umeweka 12. Baada ya 20 una karibu milioni 76, umeweka 24. Baada ya 30 una milioni 226, umeweka 36. Miaka kumi ya mwisho imeleta milioni 150, miaka kumi ya kwanza imeleta 20. Kwahiyo aliyeanza na miaka 25 na aliyeanza na 35 hawajapishana kidogo, wa pili kakosa ile miaka ya mwisho yenye nguvu.

Lakini nisikudanganye, milioni 226 ya miaka 30 ijayo siyo ya leo. Bei zikipanda asilimia 4 kila mwaka hiyo itakuwa na nguvu ya kama milioni 70 za leo. Dawa yake ni kuongeza kiwango kila mwaka. Mwaka huu laki, mwakani 108,000, unaofuata 116,600, yaani asilimia 8 kila Januari. Ukifanya hivo hivo miaka 30 unafika kama milioni 497, ambazo kwa nguvu ya leo ni kama 153. Kumbuka hiyo namba tutairudia.

Sasa uiweke wapi.

Mifuko ya pamoja ndo mlango wa kuingilia. UTT AMIS iko chini ya serikali, mfuko wa Umoja umeanza 2005, kuna wa Watoto, wa Hatifungani, wa Ukwasi niliousema. Unanunua vipande, wao wanawekeza kwenye hatifungani, hisa na amana za benki. Miaka ya karibuni mifuko mingi imekuwa inatoa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, haina maana itakuwa hivo milele, lakini kwa mtu asiye na muda wa kufatilia soko sioni pa kuanzia pazuri zaidi.

Hatifungani za serikali ndo kazi kubwa ya miaka ya kati. Unaikopesha serikali, inakulipa riba mara mbili kwa mwaka, mwisho inarudisha mtaji. Zipo za miaka 2, 5, 7, 10, 15, 20, na tangu 2021 za miaka 25. Kiwango cha chini cha kuomba ni milioni moja. Unafungua akaunti ya CDS, inayotunza rekodi ya hatifungani na hisa zako, kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, unasubiri tangazo la mnada wa Benki Kuu, unajaza. Watu wanaogopa miaka 25 wanadhani hela imefungwa, hapana, unaweza kuiuza kwenye soko la hisa kabla ya muda, ila bei siku hiyo inaweza kuwa juu au chini ya uliyonunulia. Riba hubadilika kutoka mnada hadi mnada, mwaka 2022 ya miaka 25 ilishushwa kutoka 15.95 mpaka 12.56, kwahiyo ukikuta nzuri ifunge ya muda mrefu, itabaki hivo hivo kwako mpaka mwisho hata wakishusha kwa wengine.

Hisa ni za mtu mwenye subira na akiba nyuma yake. Soko la Dar es Salaam lilianza biashara 1998 na kampuni moja, TOL. CRDB iliuza hisa kwa umma 2009 kwa shilingi 150. Aliyechukua hisa 10,000 alitoa milioni moja na nusu, na kwa mwaka 2023 peke yake gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, lilikuwa shilingi 50 kwa hisa, laki tano kabla ya kodi ya asilimia 5, yaani theluthi ya hela aliyotoa inarudi kwa mwaka mmoja na hisa bado anazo. NMB ilitoka 2008 kwa 600, kwa mwaka huo huo 2023 ikatoa gawio la 361. Lakini Vodacom iliuzwa 850 mwaka 2017, na miaka baadae bado ilikuwa inauzwa chini ya hapo. Wote watatu ni majina makubwa. Kwahiyo gawa, usiweke hela ya ada, na usinunue kwasababu jirani kanunua, soma gawio la miaka mitano nyuma.

Mchezo na vikoba je? Vina thamani yake, kijumbe anakufanya uweke hata usipotaka. Ila mchezo hauzai, unachotoa ndo unachopokea, na kikoba kikivunjwa Desemba hela inaishia kwenye sikukuu na ada ya Januari. Amua kabla ya zamu yako kufika: siku nikipokea, nusu inakuwa vipande siku hiyo hiyo.

Na yeyote anayekuahidi hela mara mbili kwa miezi mitatu kimbia. Kwenye upatu wa DECI mwaka 2009 watu walipanda mbegu, ndo walivyoita kuweka hela, wengine waliuza mpaka ng'ombe, na waliowaingiza walikuwa watu wa makanisani wanaoaminika. Kila miaka michache inarudi kwa jina jipya, siku hizi iko kwenye simu unaambiwa uangalie video ulipwe. Alama zake hazibadiliki: faida ya uhakika, lazima ulete watu, na ukiuliza hela inazalishwa wapi unajibiwa kwa ushuhuda wa waliolipwa.

Hatua ya sita: ardhi na nyumba

Najua wengi mngetaka hii iwe ya kwanza. Mtu mzima bila kwake haonekani mtu, naelewa, na sikwambii usijenge. Nasema jenga ukiwa na akiba na ukiwa na uwezo wa kumaliza kipande unachoanza.

Pagale lina gharama usiyoiona. Milioni 15 zimekaa kwenye tofali miaka minane hazijakuingizia shilingi, mvua inapiga, wezi wanavizia nondo, na kodi ya nyumba unaendelea kulipa. Hela hiyo hiyo kwa asilimia 10 ingekuwa milioni 32 na kitu. Mafundi wazuri watakushauri uchore ramani kubwa lakini uanze na banda la uani, chumba, sebule, jiko na choo, uezeke, uingie. Siku unahamia, kodi ya nyumba inageuka kuwa mfuko wa tofali. Nyumba kubwa inapanda mbele ukiwa unaiona, hata mafundi hawakuibii simenti.

Ununuzi wa kiwanja usiharakishwe hata ukiambiwa kuna mteja mwingine njiani. Kilichopimwa, chukua nakala ya hati nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi, uone mmiliki ni nani na kama kuna rehani au zuio. Kisichopimwa, nenda serikali ya mtaa, kaa na majirani wa pande zote wakwambie mpaka uko wapi na familia ya muuzaji inasemaje, maana mashamba mengi ni ya urithi na anayeuza ni mmoja kati ya saba. Uliza mipango miji eneo limepangiwa nini. Waliobomolewa Kimara hadi Kiluvya mwaka 2017 kwa ajili ya barabara ya Morogoro wengine walikuwa na nyumba za maisha yao yote. Na mume na mke, majina yote mawili yaingie kwenye hati. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza kabla nyumba ya familia haijawekwa rehani, ila jina kwenye karatasi linalinda zaidi.

Hatua ya saba: ijue namba yako, na angalia pensheni ukiwa bado na nguvu

Uhuru wa kifedha una namba. Chukua matumizi ya mwezi unayoridhika nayo, tuseme laki nane, kwa mwaka ni milioni 9.6. Kama mali yako inazaa asilimia 12 kwenye hatifungani, usile zote, kula 8 na rudisha 4 ili mtaji ukue sawa na bei za vitu. Gawanya 9.6 kwa 0.08, unapata milioni 120. Siku una milioni 120 zinazozaa na unaishi kwako, kazi inakuwa hiari. Sasa rudi kwenye ile laki moja iliyoongezwa asilimia 8 kila mwaka: milioni 153 kwa hela ya leo. Inafikika, na siyo kwa mshahara wa bosi.

NSSF, au PSSSF kwa watumishi wa umma, inapunguza mzigo huo, ila ifatilie. Pensheni ya kila mwezi inahitaji michango ya miezi 180, yaani miaka 15. Wapo waajiri wanaokata na hawapeleki, na mfanyakazi anajua siku anastaafu. Kila miezi sita angalia taarifa yako, mwezi ukikosekana andika barua ukiwa bado kazini, mashahidi wapo na kampuni bado ipo. Uliyejiajiri unaweza kuchangia NSSF mwenyewe, na mimi ningekushauri uanze kabla ya 40.

Miaka ya 40 ndo ada zinakaba. Shule ya mtoto isile uzee wako wote. Kama ada inakufanya usiweke hata shilingi, hamisha shule, mtoto mwenye mzazi asiyemtegemea uzeeni kapata urithi mkubwa kuliko basi la njano.

Hatua ya nane: kiinua mgongo

Miezi sita ya kwanza baada ya mafao kuingia usifanye kitu kikubwa. Iweke kwenye mfuko wa Ukwasi, funga mdomo. Kuna matapeli wanaojua tarehe za wastaafu kuliko wastaafu wenyewe, na kuna watoto watakaokuja na wazo la daladala. Mtu wa miaka 60 asijifunze biashara mpya kwa hela yake yote. Milioni 60 kwenye hatifungani ya asilimia 12 inakupa milioni 3.6 kila miezi sita, ambayo ni laki sita kwa mwezi juu ya pensheni, bila dereva wala mashine kuharibika. Ukitaka kufuga kuku fuga, kwa sehemu ndogo ambayo ikipotea bado unakula.

Hatua ya tisa: isife na wewe

Familia nyingi zinarudi sifuri hapa. Baba anafariki, akaunti benki zinafungwa, hakuna anayejua alikuwa na hisa wapi, ukoo unakaa kikao, anachaguliwa msimamizi wa mirathi, na msimamizi anajiona ndo mrithi. Siyo. Msimamizi kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa warithi na kupeleka hesabu mahakamani, na mrithi yeyote ana haki ya kumlalamikia huko huko.

Andika wosia ukiwa na afya. RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, wanakusaidia kuuandika na wanakutunzia, haumfanyi mtu afe mapema. Kwa taratibu za kimila zilizoandikwa 1963, anayejua kusoma na kuandika anahitaji mashahidi wasiopungua wawili na asiyejua wanne, na zile mila kwa mjane ni kali sana, kwahiyo mwanaume asiyeandika kitu anamwachia mkewe vita. Kwa Waislamu wasia hauzidi theluthi na warithi wanagawana kwa fungu lao la mirathi, lakini bado andika madeni, amana za watu, na mali iko wapi, na kile unachotaka mke au mtoto wa kike awe nacho kwa uhakika mpe ungali hai kwa hati.

Tengeneza faili moja la kweli, la karatasi: nakala za hati na mikataba ya ardhi, namba ya CDS, namba ya UTT, namba ya uanachama NSSF, orodha ya akaunti, bima, unaowadai na wanaokudai, cheti cha ndoa, vyeti vya watoto. Mwenza wako ajue liko wapi, na mtu mmoja mwingine unayemwamini. Alafu pitia fomu za wanufaika kila mahali. Wengi tulijaza tulipoajiriwa tukiwa hatujaoa, tukaandika mama au kaka, leo kuna mke na watoto watatu na fomu haijaguswa. Beba kitambulisho, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, nenda NSSF, nenda UTT, nenda kazini kwenu kwa mtu wa rasilimali watu, badilisha majina, na nakala zilizogongwa muhuri zirudi kwenye faili.